Simu ya usiku wa manane na deni la faini: uchambuzi wa kisa cha familia yenye binti Oman

Maelezo ya awali

Kisa hiki kililetwa kwenye dawati la wasaidizi wa kisheria katika mji mmoja wa pwani ya Tanzania. Majina, mtaa, tarehe na namba za simu za wahusika vimeondolewa, na viwango vya fedha vimebadilishwa kidogo ili familia isitambulike. Wahusika tunawataja kwa nafasi zao tu: mama, binti, mdogo wake wa kiume, baba mdogo na wakala wa huduma za fedha. Tumekichagua kwa sababu ndani yake yamo matukio mawili yasiyohusiana kabisa, ambayo familia iliyaunganisha yakawa habari moja. Kwa maoni yetu, huko kuunganisha ndiko kulikowagharimu zaidi kuliko ujanja wowote wa tapeli.

Usuli

Binti alikuwa amekaa Oman miezi michache akifanya kazi za ndani. Alikuwa na nafasi ya kushika simu usiku tu, baada ya nyumba ya mwajiri kulala, na kwa kuwa saa za Oman ziko mbele ya zetu kwa saa moja, simu zake zilifika nyumbani kati ya saa tatu na saa tano usiku. Mama alitumia kitochi. Mdogo wake wa kiume ndiye aliyekuwa na simu janja, na mawasiliano mengi yalipita kwake kwa ujumbe wa sauti wa WhatsApp, kwani kupigiana kwa sauti kupitia programu hiyo hakukuwa kukikubali vizuri kutoka alikokuwa binti.

Mambo mawili ya usuli yalikuja kuwa na uzito baadaye. Wiki chache kabla ya tukio, binti alibadili laini na kuitaja namba mpya kwa ujumbe wa sauti, akisema tarakimu nane tu kama wakazi wa Oman wanavyotajiana namba wao kwa wao. Mdogo wake akaziandika kwenye daftari, na hakuna mtu aliyejaribu kuipiga ili kuhakikisha. Jambo la pili ni picha ya binti akiwa uwanja wa ndege siku ya safari, iliyobaki kwenye ukurasa wa Facebook wa kijana huyo. Chini ya picha ilikuwa imeandikwa namba ya kijana na ya mama, kwa ajili ya jamaa waliotaka kutoa pongezi.

Mfuatano wa matukio

Usiku wa kuamkia Jumatano, saa nane kasorobo, kitochi cha mama kiliita mara moja kikanyamaza. Namba iliyobaki kwenye kioo ilianza na +960. Kijana aliamshwa aisome, naye alipoona tisa na sita alimwambia mama yake kwamba huyo ni dada, hiyo ni namba ya Oman. Mama akapiga. Alisikia mlio wa simu inayoita kwa muda mrefu bila kupokelewa, akakata, akapiga tena, na katikati ya jaribio la tatu salio lake lote, kama shilingi 6,000, likawa limekwisha. Asubuhi alikopa salio kutoka kwenye mtandao wake akajaribu tena, na hilo nalo likaisha akisikiliza mlio uleule.

Siku hiyo kijana alijaribu kumtafuta dada yake kwa njia nyingine mbili. Ujumbe wa WhatsApp ulibaki na tiki moja. Kisha akachukua zile tarakimu nane za daftarini, akatanguliza sifuri kama tunavyofanya kwa namba za nyumbani, akapiga, akajibiwa kuwa namba aliyopiga si sahihi. Kufikia jioni nyumba nzima ilikuwa na hakika kwamba binti amepatwa na jambo: amepiga usiku wa manane, hapokei, na sasa laini yake imefungwa.

Alhamisi mchana ulifika ujumbe kwenye WhatsApp ya kijana kutoka akaunti yenye namba iliyoanza na +968, ukifuatiwa na simu ya sauti. Mwanamume aliyezungumza Kiswahili safi alijitambulisha kuwa mtumishi wa ofisi inayoshughulikia wafanyakazi wa kigeni huko Muscat. Alisema binti ametoroka kwa mwajiri, amekamatwa, na anadaiwa faini. Mama, aliyekuwa ameshikishwa simu, alilia na kusema, "Kumbe ndiyo maana alitupigia usiku ule!" Mwanamume akajibu bila kusita kwamba ndiyo, alipewa sekunde chache tu za kupiga.

Faini ilitajwa kuwa shilingi 850,000, nayo ilipaswa kulipwa siku hiyohiyo kabla ofisi hazijafungwa kwa mapumziko ya mwisho wa juma, ambayo Oman huwa Ijumaa na Jumamosi. Fedha zitumwe kwenye laini ya Tanzania ya mtu aliyeitwa mhasibu, na jambo hilo lisisimuliwe kwa jirani wala ndugu, kwa kuwa maneno yakienea mwajiri ataongeza mashtaka. Mama alikuwa na fedha za mchezo (upatu) kwenye akaunti yake ya simu, akatuma 300,000. Kabla ya kuthibitisha, kioo kilimwonyesha jina la mwanamke asiyemjua. Aliuliza, akaambiwa ndiye mhasibu mwenyewe.

Fedha zilizobaki alizikopa kwa watu wawili na kuzipeleka taslimu kwa wakala wa mtaani, akitaka ziingizwe moja kwa moja kwenye namba ya huyo mhasibu. Wakala, kijana wa mtaa anayemfahamu, alikataa kwa adabu: "Mama, shikamoo. Hizi naweka kwenye simu yako, halafu utatuma mwenyewe. Lakini samahani, ofisi iko Muscat, mbona inapokea hela kwenye laini ya hapahapa?" Mama aliudhika, kisha akanyamaza, kisha akampigia shemeji yake.

Maamuzi na sababu zake

Baba mdogo alikuwa amewahi kufanya kazi Dubai kwa miaka kadhaa, na hilo lilisaidia kuliko elimu nyingine yoyote. Alipofika aliamua mambo manne ndani ya nusu saa, na kila moja lilikuwa na sababu aliyoweza kuieleza.

La kwanza ni kwamba hakuna shilingi nyingine itakayotoka siku hiyo, hata kama habari ni ya kweli, kwa hoja kwamba serikali inayomshikilia mtu kwa faini haitakataa kuipokea siku mbili baadaye. La pili, alitaka daftari. Aliandika alama ya kujumlisha, akafuatisha 968, kisha zile tarakimu nane bila sifuri yoyote, na simu ikaita. Haikupokelewa, lakini angalau familia ilijua kwamba laini ipo hewani. La tatu, alimwagiza kijana apige 100 kwa mtoa huduma wao na kuripoti muamala wa 300,000 wakati huohuo, bila kungoja ukweli uthibitike, akisema kwamba kuomba radhi kwa kuripoti kimakosa ni rahisi kuliko kuchelewa. La nne ndilo lililomwuma mama zaidi: tapeli asijibiwe tena, wala asitukanwe, hadi binti mwenyewe asikike.

Hilo la nne lilihitaji moyo mgumu. Kuanzia saa tisa alasiri hadi usiku ziliingia simu nyingi kutoka kwa mtu yuleyule, zikiwa na vitisho vilivyozidi kukua, na mama aliamini kwamba kila moja ilikuwa inamwongezea mwanawe adhabu. Saa nne na nusu usiku binti alipiga. Alikuwa salama kazini kwake. Chaja yake iliharibika, simu ikakaa imezimika siku mbili, akaiwasha mchana huo, na kwa kuwa alikuwa kazini hakuweza kupokea.

Msimbo wa nchi unaeleza nini

Hapa inafaa kusimama kidogo, kwa sababu makosa matatu ya familia yalitokana na kutojua namna namba ya kimataifa inavyopangwa. Mpangilio huo unasimamiwa na shirika la Umoja wa Mataifa la mawasiliano, ITU, na kwa mujibu wake namba kamili haizidi tarakimu 15, msimbo wa nchi ukiwamo. Msimbo wenyewe huwa na tarakimu moja, mbili au tatu. Tarakimu ya kwanza huonyesha ukanda: 2 kwa sehemu kubwa ni Afrika, 3 na 4 ni Ulaya, 9 ni Mashariki ya Kati na sehemu za Asia. Misri ina 20 na Afrika Kusini 27, ilhali nchi nyingine nyingi za Afrika zina tarakimu tatu. Kenya ni 254, Tanzania 255, Uganda 256, Burundi 257, Rwanda 250 na Kongo ya Kinshasa 243. (Zanzibar ilitengewa 259 wakati fulani, lakini msimbo huo haukutumika, na visiwa vinapigiwa kwa 255.)

Kwa familia za pwani, sehemu inayochanganya ni ile ya 96 na 97, kwa kuwa nchi zinazopokea wafanyakazi wetu zimo humo zikiwa zimebanana na nyingine ambazo hatuna habari nazo. Kuwait ni 965, Saudi Arabia 966, Yemen 967, Oman 968, Falme za Kiarabu 971, Bahrain 973 na Qatar 974. Lakini 960 ni visiwa vya Maldivi, na 977 ni Nepal. Anayesoma tarakimu mbili za mwanzo na kuacha ya tatu amesoma jirani ya nchi, hajasoma nchi. Vivyo hivyo +1 haimaanishi Marekani peke yake, kwani Kanada na visiwa vingi vya Karibi vimo humo, na Jamaika hujulikana kwa 876 inayofuata baada ya hiyo 1.

Idadi ya tarakimu ni kipimo kingine kinachosahaulika. Baada ya 968 hufuata tarakimu nane, baada ya 960 hufuata saba, na baada ya 255 hufuata tisa. Namba zetu za nyumbani huanza na sifuri, ambayo huondolewa msimbo unapowekwa, kwa hiyo 07 hugeuka +2557. Oman haina sifuri hiyo ya mwanzo, na ndiyo sababu jaribio la kijana liligonga ukuta. Kutoka Tanzania, Kenya au Uganda, alama ya + inaweza pia kuandikwa kama 000, jambo linalosaidia kwenye simu za mezani.

Baada ya hayo yote, msimbo unaeleza jambo moja tu kwa uhakika: pale unapopiga wewe, mtandao wako utakutoza kwa bei ya safu hiyo ya namba, yaani kundi la namba zenye tarakimu zilezile za mwanzo. Hauelezi mtu yuko wapi. Namba inayoonekana kwenye kioo simu inapoingia inaweza kughushiwa. Akaunti ya WhatsApp nayo huthibitishwa mara moja kwa tarakimu sita zinazotumwa kwenye laini, na baada ya hapo inaweza kutumiwa popote duniani, na mtu yeyote aliyeinunua au kuikodi laini hiyo kwa dakika chache. Tapeli wa Alhamisi alikuwa na +968, na Kiswahili chake kilikuwa cha mtaani kwetu.

Simu ya kwanza ilikuwa nini

Simu ya saa nane usiku haikuwa imemlenga mama. Wahandisi wa mitandao huuita utapeli huu wangiri, jina lililotoka Japani. Mitambo hupiga maelfu ya namba mfululizo, huacha iite mara moja na kukata kabla haijapokelewa, na kwa kuwa simu isiyopokelewa haitozwi, mpigaji hagharamiki chochote. Sisi tuliozoea kubipiana tunaingia mtegoni kirahisi, maana katika desturi yetu simu iliyokatika ni ombi la kupigiwa.

Fedha hupatikana anayepigiwa anapopiga. Katika simu za kimataifa mtandao wa mpigaji huulipa mtandao wa upande wa pili kwa kila dakika, na baadhi ya safu za namba zina bei kubwa sana. Wanaozimiliki safu hizo hugawana mapato na wanaowaletea wapigaji. Mara nyingi simu hukatizwa njiani na haifiki katika nchi ambayo msimbo wake umeonekana, kwa hiyo si haki kuwalaumu watu wa Maldivi. Kazi ya tapeli ni kukuweka hewani, na mbinu inayotumika sana ni kurekodi mlio wa simu inayoita na kumchezea mpigaji. Mama alidhani hajapokelewa, kumbe alipokelewa tangu sekunde ya kwanza. Dalili ilikuwapo mbele yake: kwenye simu nyingi, kitochi kikiwamo, hesabu ya sekunde huanza pale tu simu inapopokelewa. Ukisikia mlio wa kuita huku sekunde zinahesabiwa, kata.

Ifahamike pia kwamba vifurushi vya kawaida vya dakika havihusiki na safu kama hizo. Gharama hukatwa kwenye salio kuu, na ndiyo maana mtu hushangaa dakika zake zimebaki ilhali fedha zimeondoka.

Matokeo

Shilingi 300,000 hazikurudi. Mtoa huduma alipopigiwa, fedha zilikuwa zimekwisha kutolewa kwa wakala katika mkoa mwingine. Shilingi 550,000 zilibaki mkononi na zikarejeshwa kwa waliozikopesha. Salio halikurudishwa, kwa maelezo kwamba simu zilipigwa na mteja mwenyewe, na deni la salio la kukopa lilikatwa mara mama alipoongeza vocha. Kijana alituma namba iliyopokea fedha kwenda 15040, namba ya Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) ya kuripoti utapeli wa simu, na mama alipata RB polisi, yaani namba ya taarifa iliyoandikishwa kituoni, kwa kuwa bila hiyo mtoa huduma hawezi kutoa taarifa za mwenye laini. Msomaji wa Kenya aliye mteja wa Safaricom hutuma taarifa ya aina hii kwenda 333.

Uchambuzi

Kilichofanya kazi vizuri zaidi ni swali la wakala. Halikuhitaji ujuzi wa misimbo. Lilitazama fedha zinakwenda wapi, na hapo ndipo hadithi ya tapeli ilipokuwa dhaifu kabisa, kwani unaweza kukodi namba ya Oman lakini ukitaka fedha zifike mkononi mwako utazipitishia laini iliyo karibu nawe. Kukataa kwake kuweka fedha moja kwa moja kwenye namba ya mtu wa tatu nako kulikuwa na maana ya kisheria, maana muamala uliotoka kwenye akaunti ya mteja huacha kumbukumbu kwa jina lake, na anayelalamika anaweza kuthibitisha kwamba fedha zilikuwa zake. Mawakala wengi hukubali ombi hilo ili kumridhisha mteja. Tunadhani hawafanyi hivyo kwa nia mbaya, lakini wanafunga mlango ambao mteja atauhitaji kesho yake.

Kilichoshindikana kilianza mapema, kwenye daftari. Namba ambayo haijawahi kupigwa si mawasiliano, na kama kijana angeiandika kwa ukamilifu wake, +968 ikitangulia, na kuijaribu siku ileile, familia ingejua Jumatano kwamba laini ni nzima na imezimwa tu. Badala yake jibu la "namba si sahihi", lililotokana na sifuri moja, lilisomwa kama habari mbaya kuhusu binti.

Kosa zito zaidi lilikuwa lile la mama kumpa tapeli simu ya usiku. Yule mtu hakuijua. Alikuwa na picha ya uwanja wa ndege na namba mbili zilizoandikwa chini yake, basi. Mama ndiye aliyemkabidhi ushahidi, naye tapeli akamrudishia kana kwamba ni wake mwenyewe, na kuanzia hapo kila alilolisema likawa na uthibitisho ambao familia iliamini umetoka nje. Tumeona mtindo huu katika visa vingine vya simu: mhanga anajaza pengo, tapeli anaitikia. Kwa sababu hiyo hatushauri watu wajaribu kumhoji tapeli ili wamnase, maana kila swali linampa taarifa. Ni salama zaidi kukata na kupiga mwenyewe kwenye namba uliyokuwa nayo tangu zamani, au kumtafuta wakala wa ajira aliyempeleka, au Ubalozi wa Tanzania uliopo Muscat.

Familia iliuliza kama wafunge kabisa simu za kwenda nje kwenye kitochi cha mama, huduma ambayo mtoa huduma anaweza kuombwa. Baba mdogo aliunga mkono. Sisi tulipinga, kwa sababu mama asiyeweza kumpigia mwanawe ndiye anayeamini haraka habari za mtu mwingine. Walikubaliana kwamba namba ya binti ihifadhiwe kwa jina lake ikiwa na +968, ili akipiga jina litokee lenyewe, na namba nyingine yoyote ya nje isipigiwe, bali ingojewe ipige tena. Binti mwenyewe aliomba liwepo swali ambalo jibu lake halimo kwenye picha wala maandishi yoyote ya mtandaoni, akalichagua yeye.

Bado lipo jambo la laini iliyopokea fedha. Tangu 2019 laini za Tanzania husajiliwa kwa alama za vidole na kitambulisho cha taifa, na laini zisizosajiliwa hivyo zilianza kufungwa Januari 2020, kwa hiyo jina la mwanamke lililoonekana kwenye kioo cha mama lilikuwa la mtu halisi. Polisi walipompata, alieleza kwamba mwaka uliotangulia alisajili laini kwa kijana wa mwavuli, yaani msajili wa laini wa mtaani, aliyemwambia alama ya kidole haijasoma, aweke tena. Maelezo hayo yanaaminika, kwani laini ya pili husajiliwa kwa njia hiyohiyo bila mwenyewe kujua, na kesi yake ilikuwa bado inachunguzwa tulipokuwa tukiandika. Mtu anayepiga *106# anaweza kuona namba zote zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake, na kuomba asiyoitambua iondolewe kabla haijapokea fedha za mtu.